Sarafu ya zamani ya silva ina thamani gani? Ukongwe peke yake haukuambii kitu

Mtu akishika sarafu ya silva iliyoandikwa 1780 kitu cha kwanza anapiga hesabu ya umri, miaka zaidi ya mia mbili hiyo, anaona kabisa maisha yameshanyooka. Sasa hiyo yenye 1780, kama ina sura ya mama mmoja mnene aliyefunika kichwa kwa ushungi, ni riale ya Maria Theresa, na inawezekana kabisa imegongwa (yaani imetengenezwa kiwandani) wakati babu yako yuko shule ya msingi. Malkia mwenyewe, mtawala wa Austria, alifariki Novemba 1780, na kuanzia hapo mwaka ukagandishwa palepale manake wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na Bahari ya Shamu walishaizoea sura ile na hawakutaka nyingine, basi Vienna wakaendelea kuitoa na tarehe ileile, na karne ya 20 hadi Roma, London, Paris na Bombay nao wakaigonga. Sio feki. Silva yake ni ya kweli. Ila ule mwaka ulioandikwa haukuambii chochote kuhusu umri wa hiyo uliyoshika, na nyingi bei yake haiendi mbali na bei ya silva iliyomo.

Chukua mfano wa upande wa pili. Dola ya silva ya Marekani, ile wanayoiita ya Morgan, ya mwaka 1893 iliyogongwa San Francisco. Zilitoka 100,000 tu, na hata iliyolika ikabaki kivuli cha sura bado inauzwa kwa maelfu ya dola. Dola hiyohiyo, sura hiyohiyo, uzito huohuo wa gramu 26.73, ya mwaka 1921, kiwanda cha Philadelphia peke yake kiligonga zaidi ya milioni 44, na iliyochakaa utalipwa silva na kachumvi kidogo juu. Ukiziweka mezani mtu asiyejua anaweza kuona ni mapacha.

Kwa hiyo ukiuliza "hii ni bei gani" ujue unauliza maswali mawili kwa mpigo. Kuna bei ya madini, yaani ukiyeyusha unabaki na nini, hiyo ndo sakafu na haishuki chini ya hapo isipokuwa silva yenyewe imeshuka. Halafu kuna bei ya wakusanyaji, ambayo inaweza kuwa sifuri juu ya sakafu au mara elfu yake. Vurugu zote za mtandaoni zinatokana na watu kuchanganya hizi mbili, mmoja anaongelea gramu mwenzake anaongelea historia, wanatukanana bure.

Anza na kuisoma sarafu yenyewe. Najua inaonekana kama ushauri wa mtoto lakini wengi wanaruka hapa, wanapiga picha ya upande mmoja yenye giza halafu wanataka jibu. Nchi gani, mtawala gani, ni shilingi au rupia au dola, mwaka gani, na herufi ya kiwanda ipo wapi. Hiyo herufi ndogo ndo inayobeba hela. Kwenye dola ya Morgan iko nyuma, chini ya fundo la shada, juu kidogo ya neno DOLLAR. S ni San Francisco, CC ni Carson City, O ni New Orleans, na kama hakuna kitu ni Philadelphia. Rupia za Mjerumani za Afrika Mashariki zile za kuanzia 1904 zina A ya Berlin au J ya Hamburg. Sarafu nyingi za makoloni ya Mwingereza utakuta H, hao ni Heaton wa Birmingham, au KN ambao ni King's Norton. Mwaka mmoja, sarafu moja, herufi tofauti, bei mbingu na ardhi. Tafuta lenzi ya kukuzia, ya mara kumi inatosha, au kamera ya simu ukiiweka karibu kwenye mwanga wa pembeni.

Kama tarehe imeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu usikate tamaa wala usidhani umepata kitu cha enzi za kati. Riale ya silva ya Sultani Barghash wa Zanzibar imeandikwa 1299, hiyo ni Hijria, sawa na 1882 hivi. Japani nao wanahesabu miaka tangu mfalme aingie madarakani, kwa hiyo sarafu inaweza kuandikwa mwaka wa 30 tu na ni ya 1897. Zile app za kutambua sarafu kwa picha zinasaidia kukupa jina, ila bei zinazotoa usiziamini hata kidogo, zinakosea herufi ya kiwanda na hazijui hali ya sarafu yako, na vitu hivyo viwili ndo karibu bei nzima.

Haya, sakafu. Hapa ni hesabu tu na ukiijua hakuna mtu wa kukuchezea. Unahitaji uzito kwa gramu na usafi wa silva. Unazidisha, unagawa kwa 31.1 kwa sababu silva duniani inauzwa kwa wakia ya gramu 31.1 (sio ile ya 28 ya mambo ya kawaida, wengi wanaingia mkenge hapo), unazidisha na bei ya wakia ya siku hiyo. Riale ya Maria Theresa ina gramu 28.07, usafi 833 kwa 1000, silva halisi gramu 23.4, kama robo tatu ya wakia. Tuseme wakia ni dola 30, nasema tuseme manake bei inapanda na kushuka kila siku, basi sakafu yako ni dola 22 na senti hamsini hivi. Dola ya Morgan ni 900 kwa 1000, inatoka na gramu 24.

Tatizo ni kwamba serikali zilikuwa zinapunguza silva kimyakimya huku sura ya sarafu ikibaki vilevile. Uingereza hadi 1919 walikuwa wanagonga kwa 925, mwaka 1920 wakashusha hadi 500, na 1947 wakatoa silva yote wakaweka shaba na nikeli. Kwa hiyo una sarafu zao mbili za nusu krauni, moja ya 1919 na moja ya 1921, ukubwa sawa, uzito sawa wa gramu 14.14, ya kwanza ina silva gramu 13 na ya pili 7. Rupia ya Uhindi chini ya Mwingereza ilikuwa 917, vita kuu ya pili ikaishusha hadi 500, baada ya vita ikawa nikeli. Marekani senti kumi, senti ishirini na tano na nusu dola zilikuwa 900 mpaka 1964, halafu basi, nusu dola peke yake ikaendelea na asilimia 40 hadi 1970. Na ile shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, ambayo watu wanaishikilia kama almasi, kuanzia miaka ya 1920 hadi 1946 ilikuwa 250 tu kwa 1000. Gramu 7.78, robo yake silva, yaani haifiki hata gramu mbili. Kuanzia 1948 hakuna silva kabisa ndani yake. Ndo maana mwaka mmoja tu unaweza kubadilisha jibu lote na ndo maana ukimwambia mtu "ni ya silva ya mkoloni" hujamwambia kitu.

Na sarafu ikilika uzito unapungua. Iliyozunguka mikononi miaka hamsini inaweza kukosa sehemu ya gramu au zaidi, kwa hiyo pima yako usichukue namba ya kwenye katalogi ukaishia hapo.

Sasa je ni silva kweli? Sumaku kwanza, silva haishikwi na sumaku, ikinasa mchezo umeisha. Lakini isiponasa haujathibitisha kitu kwa sababu shaba, risasi na shaba-nikeli nazo hazinasi. Mizani ya vito yenye kusoma sehemu ya kumi au ya mia ya gramu haina gharama kubwa na inaua feki nyingi, kwa sababu anayetengeneza feki akitumia chuma chepesi lazima aongeze unene au akubali uzito pungufu, moja wapo utaliona. Pima na kipenyo pia na unene.

Kipimo ninachokipenda ni cha maji, kinataka mizani hiyohiyo, glasi na uzi. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe yote ikiwa inaning'inia bila kugusa chini wala pembeni, soma mizani. Namba unayoiona ndo ujazo wa sarafu. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo unapata msongamano wake. Dola ya Morgan ya kweli ya gramu 26.73 itakuonyesha kama 2.59, ukigawa ni 10.3. Ya shaba-nikeli yenye uzito huohuo ingeonyesha 3.0, ukigawa 8.9. Silva safi ni 10.49, shaba ni 8.96, risasi 11.3. Ila usikurupuke, ile shilingi ya silva robo itakupa kama 9.3 na ni halali kabisa kwa sababu ilivyotengenezwa ndo hivyo, kwa hiyo jibu unalilinganisha na sarafu inavyotakiwa kuwa, sio na silva safi. Hakikisha hakuna kapovu kamenata maana kapovu kamoja kanaharibu hesabu yote.

Mlio nao, ile kuigonga kidogo ikaimba, silva inalia muda mrefu na sauti nyembamba, unasaidia ukiwa na nyingine ya kulinganisha. Asidi achana nayo. Inaacha kovu na umeshapunguza bei kujua kitu ambacho maji yangekuambia bure. Kama kuna sonara mwenye ile mashine ya eksirei ya kusoma madini, sekunde chache unapata jibu la juu ya ngozi ya sarafu, ingawa ikiwa imepakwa silva nene juu ya kitu kingine mashine nayo inaweza kudanganyika, ndo maana uzito na maji haviachwi.

Tuje kwenye kinachouma zaidi. Hali ya sarafu.

Wakusanyaji wanatumia kipimo cha 1 hadi 70 kilichoanzia kwa Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Moja ni sarafu unayoitambua kwa shida, 60 kwenda juu ni ambayo haijawahi kutumika, 70 haina kasoro hata ukiikuza. Ukiangalia namba utadhani tofauti ya 63 na 65 ni ndogo. Kwa sarafu fulani hiyo tofauti ya alama mbili ni mara kadhaa ya bei, kwa sababu ya mwaka huo zipo nyingi za 63 na za 65 zinahesabika. Namna ya kuangalia mwenyewe ni kutafuta sehemu zilizoinuka zaidi, hizo ndo zinaanza kulika. Kwenye Morgan angalia nywele za juu ya sikio na kifua cha tai. Nywele zikiwa zimekuwa kama uji umeshuka sana, kifua cha tai kikiwa na manyoya yanayohesabika uko pazuri. Halafu igeuze taratibu chini ya taa moja. Sarafu isiyoguswa ina mng'aro unaozunguka pamoja na wewe, miale inatembea toka katikati kwenda ukingoni. Iliyong'arishwa inang'aa sehemu zote kwa pamoja, imekufa, haitembei.

Na hapo ndo napiga kelele: USIISAFISHE. Sio kwa dawa ya meno, sio kwa limao, sio kwa magadi, sio kwa kitambaa cha kung'arishia vijiko. Ule weusi ni silva imeungana na salfa ya hewani, ni ngozi tu, na wanunuzi wengi wanaupenda, wengine wanalipia zaidi ukiwa na rangi za bluu na zambarau zilizojitokeza zenyewe. Dawa ya meno ina chembe za kukwangua, unaacha mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, mnunuzi anaiona kwa sekunde mbili chini ya taa, na hakuna namna ya kuirudisha. Kampuni za kugredi, zile zinazokagua sarafu na kuipa namba ya hali yake, zikiona hivyo zinaandika imesafishwa na hazikupi namba, na bei inaporomoka. Nashindwa kuelewa kwa nini hili halisemwi kwa sauti zaidi, manake mtu wa kwanza kumwonyesha sarafu yako karibu kila mara atakushauri uisugue "ionekane vizuri". Kama ina udongo, maji ya kawaida, iache ilowe, ikaushe kwa kugusa na kitambaa laini bila kusugua. Basi. Na ishike ukingoni, jasho la vidole linaacha alama.

Uadimu nao una mtego. Watu wanaangalia ziligongwa ngapi, lakini swali ni zimebaki ngapi. Marekani kwa sheria ya mwaka 1918 waliyeyusha dola za silva zaidi ya milioni 270, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwamba zilitoka milioni kadhaa unaweza kukuta kumbe nyingi ziliishia kwenye tanuru. Na kinyume chake kipo, Morgan ya 1903 ya New Orleans ilikuwa moja ya zilizosakwa kuliko zote, halafu mwishoni mwa 1962 hazina ya serikali ikaanza kutoa mifuko iliyokuwa imefungiwa miaka na miaka, kumbe zimo humo kibao, bei ikaanguka vibaya. Waliokuwa wameinunua kwa bei ya juu wakabaki wanaangaliana.

Ukongwe ndo kabisa usikudanganye. Kuna dinari za silva za Kirumi zenye miaka 1,800 zinazouzwa chini ya simu ya kawaida, kwa sababu wanajeshi walilipwa kwa hizo, wakazifukia ardhini kwenye vyungu na zinaendelea kuchimbuliwa mpaka leo. Ila hapa angalizo la haraka, kama yako imetoka ardhini angalia kwanza sheria ya nchi husika kuhusu vitu vya kale, sehemu nyingi unatakiwa kutoa taarifa na kuuza kimyakimya ni kosa.

Ukishajua una nini na hali yake, bei unaitafuta kwenye mauzo yaliyokamilika. Hii ndo tofauti inayowapoteza wengi. Mtu yeyote anaweza kupost shilingi ya 1950 na kuandika dola 5,000, haimgharimu kitu, na hiyo picha ndo itazunguka na kila mwenye shilingi kama hiyo ataamini ni tajiri. Bei aliyoitaka muuzaji ni ndoto yake. Angalia kilicholipwa. Masoko makubwa ya mnada mtandaoni yana sehemu ya kuchuja vilivyouzwa tu, na nyumba za mnada wa sarafu zinaweka kumbukumbu za matokeo ya miaka mingi nyuma, unaingia bure au kwa kujisajili. Tafuta kama tano au kumi za mwaka huohuo, herufi hiyohiyo, hali inayofanana, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zilizobaki zinakupa picha. Na bado kwenye mnada ujue kilichoandikwa mara nyingi kimejumlisha ada ya mnunuzi, na muuzaji naye anakatwa kamisheni, kwa hiyo hela iliyoingia mfukoni ni ndogo kuliko ile inayosomeka. Mfanyabiashara wa sarafu naye akikupa pungufu ya hiyo sio lazima awe mwizi, anatakiwa aiuze apate chake. Ila akikupa chini ya sakafu ya silva kwa kiasi kikubwa, ondoka.

Feki zimekuwa nzuri kupita kiasi, hasa za zile adimu. Ile Morgan ya 1893 San Francisco wajanja huchukua ya Philadelphia ya mwaka huohuo, silva halisi, uzito sawasawa, wanaibandika kaherufi S nyuma. Maji hayatakusaidia hapo. Wanaojua wanageuza mbele wanaangalia herufi T ya neno LIBERTY, za kweli zina kamstari kadogo kaliko­chomoza kanakokatiza juu ya T, kalitokana na muhuri uliotumika. Hakuna kamstari, hakuna dili. Na hata sarafu iliyofungwa kwenye kiboksi cha plastiki cha kampuni ya kugredi, PCGS au NGC, usikiamini kiboksi, kinaigizwa pia. Chukua namba iliyopo kwenye lebo ukaitafute kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kisha linganisha picha na ile uliyoshika.

Kupeleka kugredi kunalipiwa, pamoja na usafirishaji na bima, kwa hiyo kwa riale ya kawaida ya 1780 au Morgan ya 1921 iliyochakaa unapoteza hela, ziuze kwa uzito au zikae. Kunalipa pale ambapo kuna mashaka ya uhalali na tofauti ya bei ni kubwa, au mwaka adimu, au iko kwenye hali ambayo alama moja inabadilisha hesabu. Kabla ya hapo tuma picha safi za pande zote mbili na ukingo, pamoja na uzito, kwa nyumba mbili tatu za mnada, wengi wanajibu bure kwa sababu wanatafuta mali. Mnunuzi anayekuambia sarafu yako ni mamilioni halafu anataka utume kwanza ada ya cheti au ya mwanasheria, huyo hanunui sarafu, funga mazungumzo hapohapo.